Vikombe Sita vya Kwenda Kajiado

Mke wangu alikuwa na sheria moja ya kufunga vyombo vya kuvunjika: katoni ikiongea, haijafungwa. Aliishika kwa mikono miwili, akaitingisha karibu na sikio, macho ameyafumba. Ikitoa mlio wowote, hata wa kijiko, aliifungua na kuanza upya. Katika miaka ya tisini tulihama nyumba mara nne, ukiacha ya Magadi, na mara zote tulihama kutoka Noonkopir kwenda Noonkopir hiyohiyo, hapa Kitengela, kwa sababu ndiko tulikoiweza kodi. Vitanda vilivunjika miguu. Kabati lilipoteza mlango. Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka na godoro kichwani. Lakini seti yake ya chai haikupata hata ufa.

Seti hiyo ilikuwa ya kauri nyeupe yenye mstari wa buluu ukingoni: birika na kifuniko chake, jagi la maziwa, bakuli la sukari, vikombe sita na visahani sita. Mama yake alimpa siku ya harusi yetu. Tulifunga ndoa kanisani mtoto wetu akiwa tayari na miaka mitano, yeye ndiye aliyebeba maua, sitaficha hilo. Mama mkwe wangu aliikabidhi seti ile mbele ya watu, akamwangalia binti yake, halafu akauangalia mlingoti wa hema uliokuwa karibu nami, akasema, "Hivi si vya kila siku."

Aliuangalia mlingoti kwa sababu sisi ni Wakamba, na kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakodoleani macho. Zamani ilikuwa kali zaidi. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kanisani walituambia tumeshaachana na mambo hayo, tukasema amina. Lakini mimi sikuwahi kula mbele ya yule mama, sikuwahi kuingia jikoni kwake, na yeye hakuwahi kuvuka mlango wa chumba changu cha kulala. Tukiwa na jambo la kuambiana, mke wangu alikaa katikati. "Muulize baba ya mtoto kama amekunywa maji." "Mwambie mama nimekunywa." Nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na maneno yote tumeyasikia.

Sasa, siri ya seti kutovunjika.

Watu wengine walitumia magazeti. Mke wangu aliyadharau. Alisema gazeti ni gumu kama maneno yaliyomo ndani yake. Majirani zetu kutoka magharibi walitumia majani makavu, na yeye alisema hayo ni ya mbuzi. Yeye alisema kitu cha kuvunjika kinataka kitu kilichozoea mwili wa mtu. Kwa hiyo alifunga vikombe kwa nguo zetu za ndani. Kikombe kimoja, soksi moja, halafu fulana yangu kuukuu juu yake. Visahani vililala katikati ya magagulo yake. Bakuli la sukari lilikaa ndani ya sidiria, nusu huku nusu kule, limetulia kabisa. Birika, ambalo ndilo mama wa vyote, lilivikwa suruali yangu ya ndani ya Magadi.

Hiyo lazima niieleze. Mwaka mmoja tulihamia Magadi, nilipopata kazi ya kibarua kwa kontrakta aliyekuwa anajenga nyumba za wafanyakazi. Joto la kule linakausha mate mdomoni. Nguo za ndani za dukani ziliniumiza kwa jasho na magadi, mapaja yakachubuka, nikawa natembea kama fundi aliyebeba ngazi. Mke wangu akatafuta mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa wa kilo hamsini uliokuwa ukitoka kwenye bekari, akaufua, akanishonea suruali ya ndani pana, inayofika karibu na magoti. Ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Tatizo lake ni kwamba maandishi ya mfuko hayakutoka. Upande mmoja wa makalio paliandikwa KILO HAMSINI. Upande wa pili, HIFADHI MAHALI PAKAVU. Nikamwambia watu watanicheka. Akasema, "Nani atasoma? Ukisomwa huko, shida yako si maandishi tena."

Tulipotoka Magadi, lori lililotubeba lilisimamishwa kwenye kizuizi, na askari akataka kuona kilichomo kwenye ile katoni iliyofungwa kwa heshima kubwa kuliko vitu vingine vyote. Mke wangu akasema, "Fungua tu, afande." Askari akatia mkono, akatoa soksi, akatia tena, akatoa sidiria yenye bakuli. Akairudisha taratibu, akafunika katoni, akatuambia twende. Hakutazama hata jiko letu. Tangu siku hiyo mke wangu alisema njia yake ina faida mbili.

Alifariki hapa Kitengela, baada ya kuumwa muda mrefu, na hilo sitalielezea. Nitasema tu aliloniambia hospitalini, kwa sababu ndilo lililoniletea safari hii. Binti yetu wakati huo alikuwa ameshaanza mazungumzo ya ndoa na kijana mmoja. Mke wangu alisema, "Wageni wa mtoto wakija, wanywe chai kwa vikombe vyangu. Vyote sita." Nikasema sawa. Akasema, "Na usivifunge wewe." Halafu akafikiri kidogo, akaona kwamba hakuna mwingine, akasema, "Basi, vifunge. Lakini uvitingishe."

Aliogopa kwa haki. Mimi ndiye niliyempelekea mama yake mayai. Ilikuwa Krismasi moja ya miaka ya tisini, tumetoka kuoana. Nilinunua trei nzima ya mayai thelathini, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mkwe wa maana, nikanunua na gunia dogo la vitunguu vya Kimana. Nikaweka trei chini, vitunguu juu, ili vitunguu vizuie mayai yasiruke. Mayai hayakuruka. Nilipofika Kajiado, mama mkwe alipokea kitu kilichokuwa kinadondoka, akakishikilia mbali na gauni lake, akamwambia binti yake, "Mwambie baba ya mtoto ahsante kwa uji." Kwa miaka mingi, kule kwao, niliitwa mkwe wa mayai. Bado kuna watu wananijua hivyo tu.

Mwaka uliofuata msiba, upande wa kijana ulituma ujumbe kwamba utaleta mbuzi. Kwetu, bila wale mbuzi watatu, msichana hajaposwa, hata awe ameshafanyiwa sherehe ngapi. Ilipaswa waje kwangu, lakini nilikuwa napanga sebule na chumba, na nyumba haikuwa na mwanamke wa kusimamia sufuria. Tukakubaliana waje Kajiado kwa nyanya ya binti, yaani mama mkwe wangu. Baba mkwe alikuwa dereva wa serikali kule, na alipokufa mama alibaki kwenye kiploti chao. Wageni wangefika Jumamosi. Binti yetu alitangulia kwenda kusaidia. Vikombe vilikuwa kwangu, kabatini.

Alhamisi asubuhi nikasikia hodi. Mama mkwe alikuwa amekuja kuvichukua mwenyewe. Alikuwa amelala kwa dada mmoja wa kanisani upande wa mjini, kwa sababu kulala kwa mkwe hakuwezekani. Akaketi sebuleni, kitambaa cheusi bado kichwani, mfuko wake magotini, uso ameuelekeza kwenye kalenda.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatuna mtu wa katikati.

Jogoo wa jirani aliwika. Nikataka kusema chai iko tayari, nikashindwa nimwambie nani. Mwishowe nikaenda chumbani, nikavuta katoni tupu, nikatoa birika kabatini kwa sauti ili ajue kazi imeanza. Ndipo nikasikia kutoka sebuleni:

"Wewe birika."

Nikasimama.

"Birika, huyo anayekufunga amekumbuka kufunga kifuniko kando? Kifuniko kikiachwa juu, kinagonga."

Nikaliangalia birika. Nikasema, "Birika, sema kifuniko kitafungwa peke yake."

"Birika, muulize kama ana magazeti. Magazeti sitaki. Wino unaingia kwa kauri."

"Birika, sema hakuna magazeti."

"Birika, sasa anafunga na nini?"

Hapo nikafikiri. Nikasema, "Birika, sema ni vitambaa."

Haukuwa uongo. Lakini pia haukuwa ukweli wote, na jambo hilo liliniingia chini ya ngozi palepale kama kijiti. Nilikuwa nimeshafungua droo ya mke wangu. Sikuwa nimeifungua tangu tumzike. Dada zake walikuja kugawa nguo zake kama desturi ilivyo, wakachukua magauni na leso na viatu, lakini droo ile hawakuigusa, na mimi sikuwakumbusha. Magagulo yalikuwa yamekunjwa alivyoyakunja yeye. Nikaanza kufunga. Sikuwaza kuhusu Kajiado, wala jikoni, wala nani atafungua. Nilikuwa nawaza mikono yake ilipita wapi ili yangu ifuate. Kikombe, soksi, fulana. Visahani kwenye gagulo. Sukari kwenye sidiria. Birika likavaa KILO HAMSINI. Nikatingisha karibu na sikio, macho nimeyafumba. Katoni ikaongea.

"Birika, mwambie imelia," ikasema sebule.

Kilikuwa kijiko cha sukari. Nikafungua, nikaanza upya. Mara ya tatu ikanyamaza kabisa. Nikasikiliza upande wa sebule pia. Kimya. Nikajua nimepita.

Gari letu lilikuwa pikapu ya jirani, Mmaasai wa Isinya aliyekuwa akibeba nyasi, mawe na maharusi, kutegemea siku. Alipomwona mama mkwe akamsalimia kwa unyenyekevu, na mimi akaniambia, "Sopa." Nikajibu, "Ipa." Akatuangalia tulivyosimama, mmoja huku na mwingine kule, pikapu katikati, akaelewa bila kuuliza. Wao pia wana adabu zao na mama wakwe. Mbele kulikuwa na nafasi ya watu wawili kando ya dereva, lakini tungebanana paja kwa paja. Mama akakaa mbele. Mimi nikapanda nyuma na viti vya plastiki vya kanisa, gunia la makaa, na katoni magotini.

"Mzee," dereva akaniita kupitia kile kidirisha cha nyuma, "mama anauliza umeishika na mikono yote miwili?"

"Mwambie miwili."

"Amesema miwili, mama."

"Nimesikia," mama akasema. "Muulize kama ataacha kuishika tukifika kwa mashimo."

Wakati huo barabara ya Namanga ilikuwa ikitengenezwa, na magari yalikuwa yakishushwa kando kwenye vumbi, maili kwa maili. Tukarushwa. Viti vya plastiki vilirukaruka kama mbuzi. Makaa yalimwagika kwenye viatu vyangu. Katoni haikusema neno. Nikaanza kujisikia mtu. Nikawaza kwamba leo jina la mkwe wa mayai linakufa. Nikawaza mke wangu angeniona. Nilikuwa natabasamu peke yangu, mdomo umejaa vumbi, dereva aliponiita tena.

"Mzee! Mama anasema ukifika usijisumbue kufungua. Katoni itaenda moja kwa moja jikoni. Akina mama wa kanisa wanangoja hapo, atafungua nao."

Nadhani moyo wangu ndio uliotoa mlio wa kikombe.

Niliona yote kwa mara moja. Niliona wale akina mama, sita au saba, wa umoja wa wanawake, na vitambaa vyao vyeupe. Niliona mama mkwe akivuta fulana yangu yenye matundu makwapani. Niliona chupi zangu zikipita kutoka mkono hadi mkono kama sahani ya sadaka. Na mimi nisingeweza hata kuifuata ile katoni kuwahi kuitoa aibu yangu, kwa sababu jikoni kwa mama mkwe siingii. Nikakumbuka pia kwamba yule mama husoma kila kitu anachokutana nacho. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa ajili ya Biblia, na tangu hapo hapiti maandishi bila kuyasoma kwa sauti, awe ameona kibao cha duka au pakiti ya chumvi.

Tulipofika Isinya, gurudumu la nyuma lilikuwa limelala. Sijawahi kufurahia pancha namna ile. Mama alishuka, akaenda kununua maziwa kwa akina mama wa Kimaasai waliokuwa upande wa pili wa barabara, akatugeuzia mgongo. Dereva akaingia chini ya gari. Nikafungua katoni.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningetoa nguo za ndani zote, nizitie chini ya makaa, halafu nifunge vyombo kwa koti langu, shati, na nyasi zilizobaki za mzigo wa jana. Nikatoa kikombe cha kwanza, nikakivua, nikakifunga kwa nyasi. Nikatingisha kidogo. Kikaongea. Nikatoa visahani. Vilikuwa kwenye gagulo lake la rangi ya maziwa, lenye lesi iliyotoboka chini. Nikaliinua nilitoe, na harufu yake ikanijia. Yale mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka, na kidogo ya sabuni ya kipande. Pale nyuma ya pikapu, na malori ya simenti yakipita.

Sijui nilikaa vile muda gani. Dereva aliinuka na spana mkononi, akaniona mtu mzima nimeketi kwenye makaa, nimeshika gagulo usoni.

"Mzee," akasema taratibu. "Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mama ya mtoto."

Akatazama katoni, akaona fulana, akaona soksi, akaona ile suruali ya unga imevikwa birika. Akasoma. Midomo ikaanza kumtetemeka. Alijitahidi sana, nampa haki yake, lakini ilimshinda, akarudi chini ya gari, nikaona miguu yake ikitikisika pale chini kwa muda mrefu kuliko pancha ilivyohitaji.

Nilikuwa na njia mbili. Nikiondoa zile nguo, ningefika na heshima na vipande. Nikiziacha, ningefika na vikombe sita, basi. Marehemu hakuniambia nifike na heshima. Nikarudisha soksi, nikarudisha fulana, nikarudisha gagulo. Nikatingisha mpaka ikanyamaza.

Lakini neno lile la "vitambaa" lilikuwa bado linanichoma. Nikaona nisimwache mama wa watu akutane na jambo hilo mbele ya wenzake bila habari. Gari lilipoondoka nikagonga kidirisha.

"Dereva. Mwambie mama, zile nilizosema ni vitambaa si vitambaa."

"Mama, anasema si vitambaa."

"Ni nini?" mama akauliza, akiangalia barabara.

Nikameza vumbi. "Mwambie ni nguo za ndani. Zangu na za binti yake. Zimefuliwa."

Dereva hakuhitaji kurudia, kwa maana mama alikuwa amesikia kila herufi, lakini yule bwana alikuwa na hamu ya kazi yake. Akapunguza mwendo kabisa ili injini isimharibie maneno, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi, "Mama! Anasema vikombe vimevaa chupi zake!"

Mama nilimwona kisogo tu, na fundo la kitambaa cheusi. Kisogo hakikusogea. Kutoka pale mpaka Kajiado hakuna aliyeulizwa kama ameshika kwa mikono miwili. Dereva mwenyewe aliogopa, akazima redio.

Tulifika jua likiwa kali. Binti yangu alikuja mbio kunikumbatia, halafu akachukua katoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ukifungua, fungua wewe." Akasema, "Nyanya amesema atafungua yeye." Akaingia nayo jikoni, jikoni la mabati lililokuwa nyuma ya nyumba, lenye dirisha moja dogo. Akina mama wa kanisa wakaingia. Mama mkwe akaingia mwisho, akavuta mlango.

Mimi na dereva tukabaki uani. Nikasimama nikiangalia banda la kuku, kama mtu anayetaka kulinunua.

Halafu sauti ya kikombe kikiwekwa mezani, polepole. Kimoja. Cha pili. Mtu akakohoa. Cha tatu, cha nne. Binti yangu akasema, "Nyanya, wacha nikusaidie," na mama akasema, "Acha." Cha tano. Cha sita. Dereva akanishika kiwiko. Tulikuwa tumevihesabu pamoja kwa vidole.

Halafu visahani. Halafu bakuli, na hapo nikasikia mmoja wa akina mama akisema, "Yesu wangu," lakini si kwa hasira.

Nikajua sasa wamefika kwa birika. Nikamsikia mama mkwe akianza kusoma. Alisoma alivyosoma kila kitu, silabi moja baada ya nyingine, kama anayevuka mto kwa mawe.

"Ki-lo ha-msi-ni."

Akageuza.

"Hi-fa-dhi... ma-ha-li... pa-ka-vu."

Kitu kikavunjika.

Kilipiga sakafu ya simenti, kikavunjika vizuri, bila kuacha shaka. Na juu ya mlio huo ukaja mwingine ambao sikuujua. Nilidhani mtu anaumwa. Ulipanda, ukakatika, ukapanda tena, na ndipo nikatambua kwamba ni mama mkwe anacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka katika miaka yote ile. Alicheka mpaka wenzake wakaanza, jikoni zima la mabati likawa linatetemeka, kuku wakatoka bandani. Dereva aliketi chini kabisa. Halafu kicheko cha mama kikabadilika katikati, wenzake wakanyamaza, akalia kidogo, kwa muda wa mtu kufunga leso. Halafu akapenga kamasi na kumwambia mtu alete ufagio.

Mlango ukafunguliwa. Akasimama kizingitini akiwa amelishika birika kwa mikono miwili. Halikuwa na kifuniko. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa yanaliangalia birika.

"Birika," akasema, "mwambie huyo, ni kifuniko tu. Nilikuwa nimekishika mimi."

Nikaliambia banda la kuku, "Sema haikutajwa habari ya kifuniko. Vilitajwa vikombe sita."

"Birika, mwambie viko sita."

Nilifikiri amemaliza. Kisha akasema, polepole, "Birika, mwambie aliyekufunga kwamba amekufunga vile mwenyewe, mwanangu, alikuwa anakufunga." Akarudi ndani.

Jumamosi wageni walikuja mapema kuliko walivyosema, kama wageni wa mbuzi wanavyokuja siku zote. Walikuwa wazee wanne, mama wa kijana na kijana mwenyewe, na mbuzi watatu waliochoka na safari. Sisi tulikuwa bado tunapanga viti. Walipovuka lango, msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo, alianza kutoa salamu zake ndefu za kuingia bomani, akafika katikati, akasimama. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu.

Nikageuka. Vumbi la barabara lilikuwa limeingia kwenye katoni, na wale akina mama, kwa wema wao, walikuwa wamefua kila kitu jana yake jioni na kukianika. Kamba ilitoka kwenye nyumba mpaka kwenye mti wa mwarobaini, ikipita katikati ya ua. Fulana zangu zote zilikuwepo, matundu yakitazama mashariki. Magagulo yalikuwepo. Katikati kabisa, imepanuliwa vizuri kwa vibanio viwili, ilikuwepo ya Magadi, na upepo ulikuwa unaijaza, na jua la asubuhi lilikuwa linapita ndani yake kiasi kwamba hata asiyevaa miwani angeweza kusoma.

Mzee alisoma. Akafikiri. Akasema, "Naona nyumba hii inahifadhi vitu vizuri."

Kutoka jikoni nikasikia ule mlio ukianza kupanda tena.

Chai ikaletwa. Birika lilikuwa limefunikwa kwa kifuniko cha sufuria ndogo, kikubwa kidogo, kikawa kinagongagonga kila binti yangu alipopiga hatua. Wageni walikuwa sita, watu wazima. Kila mmoja akapewa kikombe chenye mstari wa buluu, na kila mmoja akanywa mpaka chini. Mimi nilipewa changu cha bati, nikaenda kunywea nyuma ya nyumba, kwa sababu mama mkwe alikuwa uani na sili wala sinywi chochote mbele yake.